Mtungi wa Bibi Tomu

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Ndiyo kuitika huko? Mmeitika kama watu waliokwisha kushiba. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni. Wewe uliyeutawala mkeka peke yako, jibane, wenzako nao wanataka kukaa. Leo sisimulii sungura wala fisi. Hao mmewazoea mpaka mnawajibia kabla hawajasema. Leo nawasimulia bibi mmoja ambaye hakuzaliwa kwetu. Alitoka mbali, kule ambako ukikuonyesha kwa kidole, kidole chenyewe kinachoka.

Hapo kale, kale ile ambayo ukungu ulilala juu ya ziwa mpaka jua lipande, palikuwa na kijiji kando ya maji. Jina lake msiniulize. Asubuhi ukitoka nje humwoni jirani, unasikia tu kikohozi chake. Unasalimia kikohozi, kikohozi kinakuitika, mnaendelea na kazi zenu.

Basi asubuhi moja, ndani ya ukungu ule, watu wakasikia: kwee, kwee. Kwee, kwee. Kitu kinalia, kinakuja. Wakasimama majumbani mwao wakasikiliza. Kwee, kwee. Mara akatokea Shimba, kijana wa kijiji hicho, aliyekuwa amepotea miaka mingi akipika chakula melini. Nyuma yake alikuja mwanamke mfupi, kichwani kofia ya majani iliyochongoka, begani mzegazega, mzigo mbele na mzigo nyuma. Mti wa mzegazega ndio uliokuwa ukilia. Kwee, kwee.

"Shimba! Uko hai? Na huyu nani?"

"Mke wangu," akasema Shimba. "Ametoka nchi ya Vietnam. Kwao kuliwaka vita, hana tena pa kurudi. Kwake ni hapa."

"Jina lake?"

"Thom."

Wakalijaribu jina. Likawakwama. Wakaligeuza, wakalilainisha, likatoka Tomu. Akawa Tomu. Alipomzaa Masele akawa Mama Masele. Na nywele zilipokuwa nyeupe pepepe, kijiji kizima kikamwita Bibi Tomu.

Siku ile ya kwanza wakwe zake walimpikia ugali na dagaa wa ziwani, wale wadogo wanaoanikwa mchangani. Mgeni akainamia sahani. Hakula. Akanusa kwanza. Nff, nff. Machozi yakamtoka, yakadondokea ugalini.

"Chakula chetu kimemuudhi," wakasema wakwe.

"Hapana," akasema Shimba. "Amesikia harufu ya kwao."

Kesho yake mwanamke yule akaenda ufukweni na mzegazega wake. Kwee, kwee. Akarudi na dagaa wabichi upande huu na chumvi upande huu. Akatafuta mtungi mkubwa, akautoboa tundu dogo karibu na kitako, akaliziba kwa kijiti. Akapanga. Dagaa, chumvi. Dagaa, chumvi. Dagaa, chumvi, mpaka mdomoni. Akafunika, akaweka jiwe juu, akausimamisha uani penye jua. Kisha akauimbia. Na nyinyi muitike, msinitazame tu. Mimi nikiimba, nyinyi semeni: lala, lala.

Lala dagaa, lala chumvi.
Lala, lala.
Laleni mpaka niwaamshe.
Lala, lala.
Jua liwabembeleze.
Lala, lala.
Mvua isiwafikie.
Lala, lala.

Mtungi ukajibu: bwi. Bwi-bwi.

Ukalala msimu wa mvua, ukalala msimu wa jua. Na harufu! Jamani, harufu! Ilikuwa inaruka ua, inaingia kwa jirani bila hodi, inakaa. Mbuzi walipiga chafya. Wageni waliuliza kama kuna msiba. Mwaka ulipozunguka, Tomu akazibua lile tundu. Ndo. Ndo. Ndo. Yakatoka maji ya rangi ya asali, safi, yakimeremeta. Akatia tone moja ndani ya mchuzi. Akanusa. Nff, nff. Akacheka peke yake jikoni.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila mwaka. Akitoa, anajaza tena. Dagaa, chumvi. Dagaa, chumvi.

Sasa nyumba ya pili aliolewa mwanamke mmoja aitwaye Bi Kalekwa. Huyo Mungu alimpa mdomo, akasahau kumpa kifuniko. Kila asubuhi, kabla hata ya kuosha uso, utamsikia ng'ambo ya ua.

"Mama Masele! Kuna nini kimekufa huko kwako?"

"Dagaa," anajibu Tomu. "Wamekufa kweli, mwanangu. Nawasindikiza."

"Wasindikize mbali basi! Unatuua na sisi!"

Tomu anacheka. Hakuwa na hasira yule mwanamke. Au alikuwa nayo, sijui aliihifadhi wapi. Wapita njia wanaziba pua, yeye anawapungia mkono. Wanawake kisimani wanasema, mtungi wa Tomu, uso wa Tomu, kofia ya Tomu. Yeye anajaza maji yake, anainua mzegazega wake, kwee, kwee, anakwenda zake.

Lakini mtoto wake, Masele, alikuwa na ngozi nyembamba. Watoto wenzake walimwimbia: "Masele ananuka! Masele ananuka!" Alikwenda ziwani akajisugua kwa mchanga mpaka vidole vikakunjamana. Akirudi, wanaimba tena. Masele alimpenda mama yake, tena sana. Mtungi hakuupenda. Akakua, akaoa, akawa mtu mzima wa kuheshimiwa, baba yake Shimba akafariki akazikwa, lakini kila alipoupita mtungi ule bado aligeuza uso.

Masele akazaa binti, jina lake Nyamizi. Mshikeni huyo Nyamizi, msimwachie, maana ndiye mwenye hadithi.

Nyamizi alilelewa mgongoni kwa bibi. Bibi Tomu alimwita mke mwenzangu, kama bibi wote wa kijiji walivyowatania wajukuu zao, maana babu mmoja, wake wawili. "Mke mwenzangu, njoo unisaidie kuchambua mchele. Mume wetu alikufa akatuachia kazi." Na Nyamizi anajibu, "Mwenyewe ulimchagua, mimi nilimkuta!" Wanacheka mpaka mchele unamwagika.

Chakula alichokipenda Bibi kuliko vyote kilikuwa kambare wa chunguni. Anaunguza sukari guru mpaka iwe nyeusi, anapanga vipande vya kambare, anatia pilipili manga, kisha anatia yale maji ya mtungi. Moto mdogo. Ngoja. Moto mdogo. Ngoja. Anafunua chungu. Nff, nff. "Bado." Anafunika. Baada ya muda anafunua tena. Nff, nff. "Bado." Nyamizi analala kwenye mkeka, njaa inamuuma, moshi unamzunguka, anasinzia, anazinduka. Nff, nff. "Tayari." Na neno hilo likimfikia usingizini, mate yanamjaa mdomoni kabla macho hayajafunguka.

Na kulikuwa na jambo jingine. Adhuhuri, jua likiwa utosini, kijiji kizima kimejilaza, Nyamizi akiwa nusu macho nusu ndotoni, alisikia mnong'ono nyuma ya nyumba. Kisha ndo, ndo, ndo. Kisha nyayo zinazokwenda haraka.

"Bibi, nani yuko huko?"

"Upepo, mke mwenzangu. Umekuja kunywa maji. Lala."

Nyamizi analala. Siku nyingine anausikia tena. Mtoto haulizi sana akiambiwa ni upepo.

Siku moja wanakula wali. Bibi alikula kwa vijiti vyake viwili, na Nyamizi alikuwa amechongewa vyake vidogo. Mtoto akachoka kuvishika, akavichomeka ndani ya wali, vikasimama wima. Loo! Bibi aliruka kama ameona nyoka. Akavichomoa.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna, Bibi. Nimeviweka tu."

Bibi akatulia. Akavilaza vijiti pembeni ya bakuli.

"Sikiliza. Kwetu vijiti havisimamishwi kwenye wali wa mtu aliye hai. Hivyo ndivyo tunavyomwita aliyekufa. Siku yake ya kufa ikizunguka mwaka, tunapika anachokipenda, tunasimamisha vijiti, tunamwita. Anakuja, anakula mvuke. Sisi tunakula kinachobaki."

"Atajuaje njia?"

"Kwa pua."

Nyamizi akacheka. Bibi hakucheka.

"Mimi nimetoka mbali, mke mwenzangu. Siku hiyo ikifika, nitakuwa natembea kwenye ukungu, sioni kitu. Nikisikia harufu ya chungu changu, nitasema, kwangu ni hapa, nitaingia. Nisipoisikia, nitadhani ni kijiji cha watu. Nitapita. Nitakwenda mpaka kwetu, na kwetu hakuna aliyebaki wa kunipikia. Nitatembea tu, sina nyumba huku, sina nyumba kule."

"Nitakupikia, Bibi."

"Utanipikia?"

"Nitakupikia. Hutapita."

Bibi akamshika shavu. "Basi viweke hivyo vijiti. Usivisimamishe sasa. Vitunze mpaka niende."

Na kweli akaenda. Alikwenda msimu wa dagaa, siku chache baada ya kuujaza mtungi kwa mara ya mwisho. Alilala mchana, hakuamka. Kijiji kilimlilia. Hata Bi Kalekwa alilia, tena kwa sauti kuliko wafiwa wenyewe, watu wakamtazama kwa mshangao. Bibi Tomu akazikwa karibu na mumewe, na kofia yake ya majani ikatundikwa ukutani.

Nyamizi, wakati huo ni msichana mkubwa, akaurithi mtungi. Mvua ikija anaufunika. Jua likija anaufunua. Kila siku anauimbia, lala dagaa, lala chumvi. Kila siku mtungi unajibu, bwi, bwi-bwi. Na Nyamizi anajisemea moyoni, bado kidogo, Bibi. Mwaka unazunguka. Bado kidogo.

Sasa mwaka ukakaribia kuzunguka, zikabaki siku mbili tu kufika siku ya kumwita Bibi. Na siku inayotangulia hiyo ya Bibi, Bi Kalekwa anamwoza binti yake wa mwisho. Wakwe wanatoka kijiji cha mbali, watu wenye ng'ombe, watu wa kujiona. Bi Kalekwa hakulala kwa kiherehere. Akapiga hodi kwa Masele.

"Masele, ndugu yangu, nitie sitara. Kesho nina wakwe. Wakisikia harufu ya mtungi ule watasema tumemleta kijana wetu kuoa jalalani."

"Ni wa marehemu mama," akasema Masele.

"Najua ni wa mama. Mama hayupo. Dagaa waliokosa mtu wa kuwaangalia wameoza tu, nani atakula?"

Masele akasimama pale mlangoni. Akasikia tena ule wimbo wa utotoni, Masele ananuka, Masele ananuka. Mtu mzima, mvi zimeanza, lakini wimbo ule ulimkuta palepale ulipomwacha. Nyamizi alikuwa ameenda ziwani kutafuta kambare. Masele akaondoa jiwe. Akaukumbatia mtungi, akausukuma, akaubiringisha mpaka nyuma kabisa, kwenye majani, penye jiwe kubwa.

Pwaa!

Maji ya rangi ya asali yakatiririka kwenye udongo. Udongo ukayanywa yote. Harufu ikapaa mara moja, kubwa, ya mwisho, halafu ikaanza kuondoka na upepo.

Nyamizi akarudi na kambare wake kapuni. Akaingia uani. Mahali pa mtungi palikuwa na duara la udongo mbichi.

"Baba. Mtungi uko wapi?"

Masele hakumtazama. "Jirani ana harusi, mwanangu. Nitakununulia mtungi mpya."

"Nimekuuliza mtungi wa Bibi uko wapi!"

"Umevunjika."

Nyamizi akaenda nyuma ya nyumba. Akaona vigae. Akapiga magoti, akagusa udongo, akanusa vidole. Nff. Mchanga na chumvi tu. Akalia, wasikilizaji wangu, akalia kama siku ya msiba haikutosha.

"Kesho kutwa Bibi anakuja," akasema. "Anakuja kwa pua, Baba. Atapita! Wewe mwanawe umemfungia mlango!"

Masele akajiinamia.

Nyamizi alipolala, akaota. Ukungu. Ukungu mzito kuliko ule wa ziwani. Ndani ya ukungu, kwee, kwee. Kwee, kwee. Bibi anakuja, kofia kichwani, mzegazega begani, pande zote mbili vikapu vitupu. Anasimama mlango wa kwanza. Nff, nff. "Siyo kwangu." Kwee, kwee. Mlango wa pili. Nff, nff. "Siyo kwangu." Anafika mlangoni kwa Masele. Nyamizi amesimama hapohapo kizingitini, anapunga mikono, anaita, "Bibi! Bibi, ni hapa!" Sauti haitoki. Bibi ananusa. Nff, nff. Ananusa tena. Anatikisa kichwa. "Siyo kwangu." Kwee, kwee. Kwee, kwee. Anamezwa na ukungu.

Nyamizi akaamka, mto umelowa.

Siku ya harusi ikawa siku ya harusi. Ngoma, vigelegele, wakwe na ng'ombe wao. Nyamizi hakutaka kwenda, lakini jirani ni jirani, mama yake akamwambia, "Usipoonekana watasema tumenuna." Akaenda, akakaa pembeni na wanawake, macho yamevimba. Ngoma zilimpita masikioni zikasikika za mbali, kama vile yeye yuko chini ya maji.

Chakula kikaletwa. Wali, nyama, na mchuzi wa Bi Kalekwa. Maana nilisahau kuwaambia, mchuzi wa Bi Kalekwa ulikuwa na sifa ziwa zima. Watu walikuja kwenye shughuli zake kwa ajili ya mchuzi. Wakwe wakaonja, wakatazamana. "Aah! Mama, umetia nini humu?" Bi Kalekwa akajibu, "Mkono tu, mkono." Wakajilamba vidole.

Sahani ikawekwa mbele ya Nyamizi. Hakuwa na njaa. Mvuke ukampanda usoni.

Nff.

Akaacha kupumua. Akainama.

Nff, nff.

Bibi alikuwa humo. Chini kabisa, nyuma ya nyanya, nyuma ya kitunguu, Bibi alikuwa humo humo! Tone moja tu, lakini yeye.

Nyamizi akainuka na sahani yake. Akapita katikati ya wapiga ngoma, akapita wakwe, akaenda moja kwa moja jikoni, kwenye masufuria na moshi, Bi Kalekwa akiwa katikati ya wanawake wenzake.

"Mama," akasema, "umetia nini humu?"

"Nyanya, mwanangu. Kitunguu. Na mkono."

"Mama, nimekulia kwenye chungu kile. Usinifiche. Kesho Bibi anakuja na hana harufu ya kumwongoza. Umetia nini humu?"

Mwiko wa Bi Kalekwa ukabaki hewani. Mdomo ule, mdomo usio na kifuniko, ukatetemeka. Akamwaga machozi mbele ya wapishi wote.

Akaenda nyuma ya magunia. Akatoa kibuyu kidogo, kimefungwa kitambaa.

"Mume wangu aliugua," akasema. "Zamani, nikiwa bibi harusi. Hakula kitu, akawa anakwisha. Nikasikia harufu ya Mama Masele ikaniingia kichwani, nikajisemea, kitu chenye nguvu hivi labda kitamwamsha. Nikaenda adhuhuri, mlango wa nyuma. Nilimtukana asubuhi ileile! Akanijazia. Mume wangu akala. Tangu siku hiyo sijapika bila maji yake. Nikamwomba asimwambie mtu. Hakumwambia mtu. Na kila nilipomtukana uani, ananicheka tu, anajua kibuyu changu kiko wapi."

"Na jana ukataka mtungi uvunjwe."

"Niliona aibu ya wakwe. Niliona aibu, mwanangu. Nisamehe."

Nyamizi akaelewa. Upepo wa adhuhuri! Ule uliokuja kunywa maji! Akawatazama wanawake wengine. Huyu akainamisha kichwa. Yule akakazana kukoroga sufuria ambayo ilikuwa tupu. Mke wa mvuvi akakohoa. Mjane wa kisimani akasema polepole, "Mimi kibuyu changu kiko chini ya kitanda." Mwingine akasema, "Changu kiko darini." Na mwingine, na mwingine. "Alinijazia mtoto alipokataa kula." "Mimi aliniambia ni siri yetu wawili." "Hata mimi!" Wakatazamana wale wanawake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kijiji kizima kilikuwa kinaziba pua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kinanyoosha kibuyu!

Mmoja akaanza kucheka. Wakacheka wote, wakalia wote, mchuzi ukaungua kidogo, harusi ikaendelea.

Siku ya Bibi ikafika. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, haukutaka kupanda. Nyamizi akafagia, akatandika mkeka, akaitungua kofia ya majani akaiweka kichwani pa mkeka. Akaunguza sukari guru. Akapanga kambare. Kisha wanawake wakaja mmoja mmoja, wakitokea kwenye ukungu, safari hii wakipitia mlango wa mbele. Huyu akamimina tone. Yule akamimina tone. Ndo. Ndo. Ndo. Wa mwisho alikuwa Bi Kalekwa. Yeye alikigeuza kibuyu chake juu chini, akakikung'uta, hakubakisha.

Moto mdogo. Ngoja.

Nyamizi akafunua. Nff, nff. "Bado."

Moto mdogo. Ngoja. Harufu ikaanza kuamka. Ikatoka mlangoni, ikaruka ua, ikashuka mpaka ziwani ikaingia ndani ya ukungu. Watu wamekaa chini, hakuna aliyeziba pua. Nyamizi akaimba, na nyinyi niitikieni, lakini safari hii semeni: amka, amka.

Amka dagaa, amka chumvi.
Amka, amka.
Mwenyewe yuko njiani.
Amka, amka.

Akafunua tena. Akapakua wali kwenye bakuli la Bibi, akaweka kipande cha kambare juu. Akatoa vijiti alivyovitunza. Akavichomeka ndani ya wali. Vikasimama wima.

"Bibi," akasema. "Mke mwenzangu. Ni hapa."

Kimya. Hata ziwa lilikuwa kimya. Mvuke ukapanda wima kutoka bakulini.

Halafu, mbali, ndani ya ukungu: kwee, kwee.

Labda ni mlango wa mtu. Labda ni tawi. Mimi sikuwepo, nawasimulia nilivyosimuliwa. Kwee, kwee. Ikaja karibu. Ikanyamaza kizingitini. Mvuke wa bakuli ukainama upande mmoja, na watu wote waliokuwa mle ndani wakasikia, na kila mtu akadhani ni mwenzake:

Nff, nff.

Masele akaanguka chini kifudifudi, mtu mzima yule, akalia, "Mama, nisamehe. Niliona aibu. Mama, ni hapa, ni kwako hapa. Usipite." Akaushika mkeka kwa mikono yote miwili, na mkeka ulikuwa na joto, kama mahali alipotoka kukaa mtu.

Nyamizi hakuona kitu. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa amejilaza kama zamani, shavu kwenye mkeka, moshi unamzunguka, nusu macho nusu ndotoni. Na neno likamfikia hapo alipo, dogo, la kizee, lenye lafudhi ya mbali.

"Tayari."

Mate yakamjaa mdomoni.

Wakala wote kilichobaki. Na kabla ya jua kutua, Masele mwenyewe alikwenda ufukweni, mzegazega wa mama yake begani, kwee, kwee, akarudi na dagaa upande huu na chumvi upande huu. Akasimamisha mtungi mpya uani, palepale kwenye duara. Kila mwanamke akaja na kibuyu kitupu na konzi ya dagaa wake. Dagaa, chumvi. Dagaa, chumvi.

Miaka ikapita. Siku moja akapita msafiri, akafika karibu na ua ule, akaziba pua.

"Jamani! Kuna nini kimekufa hapa?"

Bi Kalekwa, mzee sasa, hana meno, alikuwa amekaa kibarazani. Mdomo bado ulikuwepo.

"Hakuna aliyekufa hapa," akasema. "Hapo ni kwa bibi yetu. Toa huo mkono puani, kaa ule."

Basi ndugu zangu, mtu wenu akiondoka, msiharakishe kufagia alichokiacha, hata kama kinawatia aibu mbele ya wageni. Huenda ndicho kitakachomrudisha nyumbani.

Hadithi yangu imekoma hapo. Nimeifunika, na jiwe nimeweka juu. Anayetaka kwenda kuisimulia kwao, ruhusa anayo, ila asizidishe chumvi.